Kamera ilipoishia njiani

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo moja kutoka Chunyu, wilayani Ruangwa, ambayo tuliisoma zaidi ya mara moja kabla ya kuketi kuijibu. Mwandishi wake ni binti anayemuuguza baba yake. Ameomba tusimtaje jina, nasi hatutamtaja. Lakini ametupa ruhusa ya kuijibu hadharani, kwa kuwa anaamini kwamba nyumba yake siyo pekee yenye jambo hili. Sisi pia tunaamini hivyo.

Baba yake amevuka miaka 60, ni mkulima wa korosho na ufuta ambaye hadi mwaka juzi alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri na kurudi shambani jua likiwa kichwani. Kisha akaanza kuchoka. Viganja vikawa vyeupe, moyo ukawa unakwenda mbio akitoka kisimani tu. Alitibiwa malaria, akatibiwa safura, akaongezewa damu mara mbili, na kila mara damu ilipanda kwa majuma machache kisha ikashuka tena. Jamaa zake wa Nachingwea walimletea dawa ya mizizi ya bawasiri, au kikundu kama wengine wanavyokiita, ingawa mwenyewe hakuwahi kuona damu chooni. Hatimaye alipewa barua ya rufaa, akapelekwa Dar es Salaam, akafanyiwa kolonoskopi, yaani kile kipimo cha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa ili kuutazama utumbo mpana kwa ndani.

Ripoti waliyorudi nayo ilikuwa na sentensi mbili zenye uzito. Ya kwanza ilisema kipimo hakikukamilika, kwamba kamera haikuweza kuvuka upande wa kushoto. Ya pili ilisema sehemu iliyoonekana haina tatizo. Nyumba nzima iliisikia ya pili. Walipika ubwabwa wa shukrani, majirani wakaitwa, dua ikasomwa. Miezi miwili baadaye mzee alianguka njiani akitoka msikitini, na damu ilipopimwa ikakutwa imeshuka kama awali. Sasa wameambiwa kuna kipimo cha CT scan. Binti anauliza mambo mawili: je, siyo kuzitupa fedha kufanya kipimo kingine ilhali kamera haikukuta kitu? Na kama ni lazima, je, wanaweza kusubiri mnada wa korosho?

Tulijibu kwanza lile la kwanza, kwa sababu ndilo linalozaa la pili. Binti yetu, kamera haikukosa kukuta kitu. Kamera haikufika.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtu ametumwa kutoka Chunyu akaitazame barabara hadi Lindi, kama malori ya korosho yanaweza kupita. Anafika Ruangwa mjini, pikipiki inamharibikia, anarudi na kusema: nilikopita pazuri. Anasema kweli, wala hakuna wa kumlaumu. Lakini je, yupo mwenye lori ambaye kwa habari hiyo atasema Nanganga pamepitika, Nyangao pamepitika, Mtama hakuna daraja lililokatika? Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa kama mita moja na nusu. Unaanzia chini kulia, karibu na kidole tumbo, pale utumbo mwembamba unapoungana nao. Unapanda hadi chini ya ini, unakata tumbo kwenda kushoto, unashuka, kisha unajipinda kabla ya kuishia kwenye puru. Kamera huingia kwa kinyume, ikitokea mwisho kwenda mwanzo. Kwa hiyo inapokwama kushoto, kinachobaki gizani ni upande wote wa kulia na sehemu ya katikati.

Na upande wa kulia ndio wenye tabia ya kuficha. Uvimbe ulioota kushoto, mahali ambapo utumbo ni mwembamba na kinyesi kimeshakauka, humsumbua mtu mapema: choo hufunga, hubadilika umbo, damu huonekana. Kulia utumbo ni mpana na kilichomo bado ni majimaji. Uvimbe unaweza kukua humo ukivuja damu kidogo kidogo, damu ikachanganyika na kinyesi isionekane kwa macho, na dalili ya pekee ikawa ni hii hii ya mzee wetu: kupauka, kuchoka, kuongezewa damu na damu kushuka. Katika mikoa yetu ya kusini, ambako malaria na safura havijatuaga, si ajabu mtu kama huyo akatibiwa hayo kwa mwaka mzima. Hatumlaumu mganga wa zahanati aliyeanzia hapo. Lakini mwanamume wa makamo hayo, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, ambaye damu yake inashuka tena na tena bila sababu inayojulikana, anapaswa kutazamwa njia nzima ya chakula, tumbo la juu na utumbo mpana wote. Nusu haitoshi, na hasa nusu ya kushoto.

Kipimo kutokamilika si jambo la aibu kwa daktari wala la ajabu. Viwango vya kitaalamu vya Ulaya vinamtaka afike mwanzo wa utumbo mpana katika angalau wagonjwa 90 kati ya 100, maana yake hata wataalamu wenyewe wanakubali kwamba baadhi ya safari zitaishia njiani. Linalopaswa kuulizwa ni moja: imeishia njiani kwa sababu gani? Hili ndilo swali ambalo familia nyingi hazilipeleki, na ndilo linaloamua hatua ya pili. Ikiwa utumbo haukusafika, mgonjwa akawa hakunywa haluli yote au alikula asubuhi, dawa yake kwa kawaida ni kuurudia usafishaji kwa makini na kuirudia kamera. Ikiwa kamera imezuiwa na uvimbe ulioziba njia, hapo CT scan inahitajika kwa haraka, kwa sababu mbele ya uvimbe wa kwanza panaweza kuwa na wa pili, na kwa sababu daktari wa upasuaji anataka kujua kama ugonjwa umegusa ini au tezi kabla hajashika kisu. Na ikiwa imezuiwa na mipindo ya utumbo wenyewe, au makovu ya upasuaji wa zamani yaliyoushikamanisha, au maumivu, basi hapo ndipo CT scan ya utumbo mpana inapokuwa na faida kubwa kuliko kote, kwa kuwa picha haihitaji kupita kwenye pindo lolote.

Ripoti ya mzee haikutaja sababu. Tukampigia binti simu. Akamuuliza mama yake, na tukasikia sauti ya mama ikishuka upande wa pili wa simu: mzee ana ngiri, upande wa kushoto, tangu kabla binti huyu hajazaliwa, na hakumwambia daktari yeyote. Wasomaji wetu wa Lindi na Mtwara hawatashangaa. Huku kusini ngiri na mabusha ni mambo ambayo wanaume huishi nayo wakiyafunika kwa kikoi, na mke ndiye shahidi wa pekee. Ngiri kubwa ya kushoto inaweza kuubeba ndani yake ule mpindo wa utumbo, na kamera ikaingia humo badala ya kusonga mbele. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mzee huyu. Hilo ni la daktari kuliamua. Tunasema neno moja la siri lingeweza kuibadilisha safari yote ya Dar es Salaam, na bado linaweza kuibadilisha inayofuata.

Sasa hiyo CT scan yenyewe. Ni eksirei inayomzunguka mgonjwa na kumpiga picha vipande vipande, kama mkate uliokatwa, kisha kompyuta ikaviunga. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971 kwa mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeitangulia hesabu yake. Mwaka 1994 daktari wa Marekani, David Vining, alionyesha kwamba picha hizo zinaweza kuungwa hadi mtazamaji akawa kama anatembea ndani ya utumbo. Tangu hapo kipimo hiki kimekua, na mwaka 2014, kisha tena 2020, vyama vya wataalamu wa kamera na wa radiolojia ya tumbo vya Ulaya vilikitaja kuwa ndicho kinachopendekezwa pale kolonoskopi inaposhindwa kukamilika.

Hufanywa hivi. Utumbo husafishwa kwa haluli kama kwa kamera, na mara nyingi mgonjwa hunywa pia dawa inayokitia kinyesi kilichosalia rangi ili kisidhaniwe kuwa uvimbe. Mrija mwembamba, mfupi, huingizwa kwenye puru tu, na hewa au gesi ya kaboni dioksidi hupulizwa taratibu ili utumbo utanuke. Tumbo hujaa, kama mtu aliyekula kunde nyingi usiku. Picha hupigwa amelala chali, kisha amelala kifudifudi, maana kinyesi na maji huhama lakini uvimbe hauhami. Hakuna usingizi, hakuna kulazwa, na mezani kwa kawaida hazipiti dakika 20 au 30.

Hapa tunaomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha. CT scan ya tumbo ya kawaida na CT scan ya utumbo mpana iliyoandaliwa kwa kusafishwa na kupulizwa hewa si kitu kimoja. Ile ya kawaida, hasa ikiambatana na dawa ya kung'arisha picha inayochomwa kwenye mshipa, inaweza kuonyesha uvimbe mkubwa, utumbo ulioziba, ini lililoguswa. Lakini utumbo uliosinyaa na kujaa kinyesi huficha vinyama vidogo. Mtu anaweza kutoka na karatasi isemayo tumbo halina tatizo, na akawa amerudi palepale alipokuwa: ametazamwa bila kuonekana. Kwa hiyo neno la kuuliza dirishani si "mnapiga CT scan?" bali "mnapiga CT scan ya utumbo mpana, yenye kusafishwa na kupulizwa hewa, baada ya kolonoskopi kutokamilika?" Mashine ikiwepo haina maana kwamba utaalamu wa kipimo hiki upo siku hiyo.

Na lipo jambo ambalo lingemfaa mzee huyu zaidi ya yote. Wataalamu hao wa Ulaya wanapendelea CT scan ifanyike siku hiyo hiyo ya kamera au kesho yake. Sababu ni nyepesi kwa kila aliyewahi kunywa haluli: utumbo umeshasafishwa. Kwa mtu wa mjini ni unafuu tu. Kwa mtu wa Chunyu, aliyekesha chooni katika nyumba ya shemeji yake Mbagala, nyumba yenye wapangaji sita na choo kimoja, ni tofauti kati ya safari moja na mbili. Ndugu msomaji, ukiwa ndiwe uliyemsindikiza mgonjwa, usiondoke kwenye jengo hilo kabla ya kuuliza: mmefika mwisho? Kama hamkufika, kipimo kingine kinaweza kufanyika leo au kesho? Daktari anaweza kusema hapana, na akawa na sababu njema. Iwapo amekata kinyama kikubwa au kuchukua kipande kirefu cha nyama, kuupuliza utumbo siku hiyo ni hatari, na lazima kusubiri.

Tusikipambe kipimo hiki kuliko kinavyostahili. Kwa saratani iliyokwisha kuwa uvimbe na kwa vinyama vikubwa vya kuanzia sentimita moja, macho yake yanakaribiana na ya kamera. Kwa vinyama vidogo, chini ya milimita 6, na vilivyolala bapa, huweza kuvipita. Kina mionzi, ingawa kwa mzee wa miaka 60 anayepoteza damu hatari hiyo ni ndogo mbele ya hatari ya kutojua. Mjamzito hafanyiwi. Mwenye figo dhaifu, mwenye kisukari anayetumia metformini, na aliyewahi kudhurika kwa dawa ya kung'arisha picha, waseme kabla ya sindano. Mwenye tumbo linalouma sana ghafla, au ambaye utumbo wake umeziba kabisa, asipulizwe hewa. Na ngiri tena: ikiwa inauma au hairudi ndani, daktari wa radiolojia lazima aijue kabla hajafungua gesi.

Kubwa kuliko hayo, picha haikati kipande. Ikionyesha kitu, kamera itarudi, na safari hii kwa maandalizi mengine, ili kitu hicho kikatwe kidogo na kupelekwa maabara. Watu hulalamika hapa kwamba wamezungushwa. Lakini pembe ile ya kulia, utumbo mwembamba unapoungana na mpana, ndipo kifua kikuu cha utumbo kinapopenda kukaa, na katika picha kinaweza kufanana na saratani kama pacha. Mmoja hutibiwa kwa vidonge vya miezi kadhaa, ambavyo katika nchi yetu hutolewa bila malipo. Mwingine kwa upasuaji. Hakuna mwenye huruma anayeweza kumchagulia mzee kati ya hayo mawili kwa kubahatisha.

Binti ameuliza pia, kwa kifupi na kwa haya, kuhusu ibada na sitara. Kufunua tupu kwa ajili ya matibabu yanayohitajika ni dharura inayokubaliwa, na kipimo chake ni kiasi cha haja. Mgonjwa ana haki ya kuomba shuka, mlango ufungwe, na mhudumu wa jinsia yake pale anapopatikana. Mwenye kuharisha kwa haluli bila kujizuia huchukua hukumu ya mwenye udhuru, atawadhe kila wakati wa sala unapoingia. Ama saumu, katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, kuingiza kitu kupitia njia hiyo kunafunguza, achilia mbali haluli yenyewe. Mgonjwa ale, kisha alipe. Asiahirishe kipimo kwa kuingojea Shawali.

Tufike kwenye fedha, ambazo ndizo zinazoamua. Katika mkopo wa Sh trilioni 1.3 ambao serikali iliupata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO-19, sehemu ilinunua mashine za CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Hii ina maana kwamba familia ya Chunyu haipaswi tena kuanzia Dar es Salaam. Waanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi, au waulize Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, kwa lile swali refu tuliloliandika hapo juu. Wapige simu kwanza, au wamtume kijana mmoja na nakala ya ripoti, kabla ya kumpakia mzee kwenye basi. Wakiambiwa kipimo hicho hakifanyiki huko, waombe daktari awaandikie rufaa ya Muhimbili yenye maneno hayo hayo, ili wasianze upya. Na wenye bima waulize kabla ya safari, siyo dirishani, kama kadi yao inavuka ngazi ya mkoa.

Sasa kusubiri mnada wa korosho. Hapa tulibishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu alisema haifai kumwambia mkulima auze kitu kwa bei ya hasara kwa ajili ya kipimo ambacho huenda kisionyeshe lolote. Ni hoja ya kweli. Tunajua familia zilizobaki bila mbegu kwa sababu ya hospitali. Lakini mzee huyu ameanguka. Damu yake inashuka kila baada ya majuma machache, na hatujui inatoka wapi. Kuanzia barua ilipoandikwa hadi mnada wa kwanza wa Oktoba ni zaidi ya miezi mitatu. Tumekubaliana kumwambia binti asisubiri. Kaka zake wawili wako Nachingwea na mmoja yuko Kariakoo. Barua yake inawataja mara moja tu, tena kwa heshima kubwa. Tunadhani ni wakati wa kuwataja mara ya pili, kwa simu, na kwa hesabu ya kila mmoja anachoweza.

Baada ya mazungumzo yetu binti alituuliza kama amfiche baba kwamba kipimo cha kwanza hakikufika mwisho, kwa kuwa mzee bado anaamini amepona na anaona damu imeshuka kwa sababu ya jua. Tulimwambia asimfiche. Ni tumbo lake, naye ndiye atakayekunywa haluli na kulala kifudifudi, na ndiye mwenye kujua hali ya ile ngiri. Jumatatu alituma ujumbe mfupi. Amemwambia. Mzee alikaa kimya hadi baada ya isha, kisha akauliza basi la Lindi linaondoka saa ngapi.